Hakuna Mshipa Ulioziba: Majibu kwa Madai Saba Kuhusu Sauti za Skizofrenia

Muuza dawa alipanda basi letu pale Chalinze. Alisimama katikati ya viti, akatusalimu kwa salamu za dini zote mbili, kisha akainua chupa ya kahawia na kuanza kutaja maradhi: ganzi ya miguu, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume. Alipofika kwenye maradhi ya kichwa akashusha sauti. "Na yule ndugu yako anayeongea peke yake, anayesikia watu wasioonekana, usimfunge kamba. Mishipa ya ubongo imeziba. Damu haifiki. Hii inafungua." Mama niliyekaa naye alifungua fundo la kanga yake, akahesabu noti, akanunua chupa mbili. "Za kijana wangu," akaniambia taratibu. "Mwaka wa tatu huu anasemeshwa." Akashuka Segera. Mimi nilikuwa nimenyamaza njia nzima.

Nilinyamaza ilhali nimekulia nyumba moja na mjomba aliyesemeshwa vivyo hivyo, na kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu ugonjwa wake, skizofrenia. Ukimya ule unaniuma. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia yule mama kabla ya Segera, dai kwa dai, kwa sababu lile la muuza dawa lina ndugu zake wengi mitaani.

Dai la kwanza: "Damu haifiki ubongoni, ndiyo maana anasikia sauti"

Dai hili lilipimwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Mwaka 1948, Seymour Kety na wenzake huko Philadelphia, Marekani, walipima damu inayopita ubongoni mwa watu wenye skizofrenia. Mpimwaji alivuta hewa iliyochanganywa na kiasi kidogo cha gesi ya naitrasi oksidi, huku damu yake ikichukuliwa kwenye ateri na kwenye mshipa wa shingoni unaorudisha damu kutoka ubongoni. Kwa kulinganisha gesi iliyoingia na iliyotoka, walikokotoa damu iliyopita kwa dakika. Wakakuta kiasi kilekile cha watu wasio na ugonjwa. Ubongo wote kwa ujumla haukuwa na ukame wowote.

Wala haingewezekana ukame huo ukajificha miaka mitatu. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo moja na nusu, karibu asilimia 2 tu ya mwili, lakini unatumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote. Kiungo chenye njaa kama hiyo kikikosa damu hakisubiri. Mshipa ukiziba kweli tunapata kiharusi: ghafla mdomo unakwenda upande, mkono unalegea, ulimi unakuwa mzito. Kijana wa yule mama, nadhani, hakuanza hivyo. Wengi wenye skizofrenia huanza pole pole, katika ujana au mwanzo wa utu uzima: analala mchana, anakesha usiku, anajitenga na wenzake, anawashuku majirani, kisha siku moja anajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Ipo chembe ya ukweli ndani ya dai hili, na ni haki kuitaja. Mwaka 1974, David Ingvar na Göran Franzén wa Sweden waligundua kuwa kwa wagonjwa wa muda mrefu, sehemu ya mbele ya ubongo ilipata damu kidogo ukilinganisha na sehemu za nyuma, ingawa jumla ilikuwa ya kawaida. Hapo mgawanyo wa damu ulikuwa tofauti, bila bomba lolote kuziba.

Pigo kubwa kwa dai hili lilikuja mwaka 1993. Philip McGuire na wenzake wa London waliwapiga picha za mtiririko wa damu wanaume 12 wenye skizofrenia, kwanza wakati sauti zinawasemesha, kisha baadaye zilipotulia. Kama sauti zingeletwa na uhaba, saa ya sauti ndiyo ingekuwa saa ya uhaba. Ikawa kinyume. Sauti zilipokuwapo, damu ilizidi katika eneo la Broca, sehemu ya mbele upande wa kushoto ambayo hutusaidia kuunda maneno tunapozungumza. Chupa ile ya kahawia inauzwa kwa ahadi ya kuongeza kitu ambacho, sauti zinapopiga kelele, tayari kimeongezeka.

Dai la pili: "Kama damu inazidi, basi itolewe"

Nimelisikia hili kwa wanaoumika watu chuku, wanaosema "damu chafu imepanda kichwani". Mjomba alikuwa na alama tatu nyuma ya shingo kwa sababu hiyo. Zilipona, sauti zikabaki.

Ukipita soko la Kariakoo alfajiri utakuta malori yamejaa kila kichochoro. Mgeni anaweza kudhani malori ndiyo yameleta biashara. Mwenyeji anajua biashara ndiyo iliyoyaita malori. Damu ya ubongo huenda hivyo. Chembe za neva zikianza kufanya kazi mahali fulani, vijishipa vya hapo hutanuka na damu mbichi yenye oksijeni humiminika. Mpaka kazi ianze, damu haiji kwa wingi. Mashine za MRI zinazoonyesha ubongo ukifanya kazi hutegemea jambo hilihili: mwaka 1990 Seiji Ogawa alionyesha kuwa damu yenye oksijeni na ile iliyoiacha huathiri uga wa sumaku wa mashine kwa namna tofauti, na tofauti hiyo huweza kugeuzwa kuwa picha.

Kwa hiyo wingi wa damu katika eneo la Broca ni nyayo za kazi inayofanyika pale. Ukifuta nyayo hujamzuia mtu kupita. Ndivyo pia tunavyoweza kuuelewa upungufu wa Ingvar: sehemu inayofanya kazi kidogo huita damu kidogo.

Tena nyayo hizo hazikuonekana mahali pamoja tu. Mwaka 1995, David Silbersweig, Emily Stern na wenzao waliwapima watu sita kwa picha za mtiririko wa damu za PET, wakakuta kazi kubwa katika viini vya ndani kabisa vya ubongo na sehemu zinazohusika na kumbukumbu na hisia. Mwaka 1999 Thomas Dierks na wenzake wakaona kazi katika kunjo la Heschl, kituo cha kwanza cha sauti kwenye gamba la ubongo. Waliopimwa walikuwa wachache: 12, sita, watatu. Anayekuambia sayansi imepata "doa moja la sauti" ameziruka tofauti hizi. Kinachoonekana ni mtandao: panapoundwa maneno, panapopokelewa sauti, panapotunzwa kumbukumbu, panapochemka hofu.

Dai la tatu: "Anajifanya. Hakuna sauti yoyote"

Dai hili ndilo lililomuumiza mjomba kuliko chuku. Watoto tulimwambia mbona sisi hatusikii. Wakubwa walisema ni uvivu, anakwepa kwenda baharini.

Katika uchunguzi wa Dierks, mgonjwa alilala ndani ya mashine akiwa na kitufe mkononi. Sauti ikianza, anabonyeza. Ikikoma, anaachia. Baadaye watafiti waliangalia ubongo ulifanya nini katika vipindi hivyo, kisha wakalinganisha na wakati mgonjwa huyohuyo anasikilizishwa sauti halisi kutoka nje. Kunjo la Heschl, linalofanya kazi pale muadhini anapoadhini au jirani anapogonga mlango, lilifanya kazi pia wakati wa sauti ambazo hakuna mwingine chumbani aliyezisikia.

Simaanishi kwamba mashine inaweza kumkamata mwongo. Ninachosema ni kwamba yule anayesikia anasikia kweli, kwa kiungo kilekile tunachosikilizia sisi. Kumwambia "hakuna kitu, acha ujinga" ni sawa na kumwambia mwenye jino bovu kwamba haumwi kwa kuwa wewe huumwi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Dai la nne: "Sauti inatoka nje yake, ni jini anasema naye"

Sina ugomvi na imani ya mtu, na picha ya ubongo haiwezi kuamua mambo ya ghaibu. Swali langu ni dogo zaidi: maneno anayoyasikia yanaundwa wapi?

Mjomba alikuwa akishona nyavu barazani. Sindano ya mti ikipita tundu kwa tundu, alikuwa akiimba kwa puani, mdomo umefungwa, wimbo mmoja usio na maneno, asubuhi hadi adhuhuri. Siku moja nilimuuliza kwa nini haimbi maneno. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Nikiimba hivi, wao hunyamaza. Nikinyamaza, wanaanza." Nilidhani ni mzaha. Miaka mingi baadaye nilisoma kuwa mwaka 1987 Peter Bick na Marcel Kinsbourne waliwaomba wagonjwa 18 waliokuwa wakisikia sauti wafungue midomo wazi kabisa, hali inayozuia ulimi na koo kufanya mijongeo midogo ya matamshi. Kwa 14 kati yao, sauti ziliondoka. Hata kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1940, Louis Gould wa Marekani alikuwa amekuza kwa vyombo minong'ono hafifu ya mgonjwa, akakuta inakwenda sambamba na yale mgonjwa aliyosema anaambiwa.

Hila hizi hazimsaidii kila mtu. Lakini ukiziweka kando ya damu iliyozidi katika eneo la Broca, zinaelekeza upande mmoja: angalau kwa baadhi ya wanaosikia, karakana ya maneno hayo imo ndani ya msikiaji mwenyewe.

Sasa kwa nini asijue kuwa ni yake? Jitekenye kwapani. Hucheki, kwa kuwa ubongo ulipotuma amri ya kujitekenya ulijipa pia taarifa kwamba mguso unaokuja ni wako, ukaupunguzia makali. Christopher Frith wa London alitoa hoja kuwa katika skizofrenia taarifa hiyo ya ndani hupotea njiani. Mwaka 2000, Sarah-Jayne Blakemore akishirikiana na Frith na wengine alionyesha kuwa wagonjwa wanaosikia sauti, au wanaohisi wanaendeshwa na nguvu ya nje, huhisi mguso wao wenyewe kwa makali sawa na mguso wa mtu mwingine. Wazo linalopita kichwani bila taarifa ya mwenyewe linafika kama neno la mgeni. Bado nadharia hii haijajibu kila swali, kwa mfano kwa nini mgeni huyo mara nyingi awe mtukanaji. Lakini inaeleza jambo ambalo mjomba alilijua kwa ulimi wake mwenyewe.

Shehe akimsomea dua, mchungaji akimwombea, na moyo wake ukatulia, hilo ni jema. Ubaya unaanza pale anapofungwa mnyororo, ananyimwa chakula ili "atoke", au anaachishwa dawa.

Dai la tano: "Apigwe picha ya kichwa, ugonjwa utaonekana"

Najua familia zilizouza mbuzi na shamba kwa ajili ya picha hii, na nazielewa. Tunataka karatasi yenye jina la adui.

Lakini hakuna picha, iwe ya CT, MRI au ya mtiririko wa damu, inayoweza leo kumtambulisha mtu mmoja kuwa ana skizofrenia. Matokeo niliyoyataja ni wastani wa kundi, au mlinganisho wa mtu na nafsi yake kwa nyakati mbili. Mtiririko wa damu hubadilika kwa mambo madogo: kahawa huupunguza, kuzuia pumzi huuongeza. Daktari anapoomba picha huwa anatafuta mambo mengine, kama uvimbe, damu iliyovujia ndani baada ya ajali au kovu linaloleta kifafa. Picha ikija safi, haina maana kwamba mgonjwa ni mzima au mwongo.

Ugonjwa hutambuliwa kwa mazungumzo marefu na mgonjwa na wanaoishi naye: nini kilianza, lini, kimedumu kwa muda gani, analalaje, anatumia bangi au pombe, ukoo una historia gani. Vikiongezwa hapo, vipimo vya malaria, virusi vya Ukimwi na kaswende vinaweza kufaa kuliko picha ya bei ghali, maana maradhi hayo yote huweza kuvuruga akili na yana dawa.

Dai la sita: "Kila anayesikia sauti ni mwendawazimu, na ni hatari"

Mwaka 1971 Dewi Rees, daktari wa kijijini huko Wales, alichapisha matokeo ya mazungumzo yake na wajane na wagane karibu 300. Karibu nusu walikuwa wamehisi kwa namna fulani uwepo wa mwenza aliyefariki, na baadhi walisikia sauti yake. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamefiwa. Wengi wetu tumewahi kusikia jina letu likiitwa tukiwa kati ya usingizi na kuwa macho. Sauti huweza pia kuja na homa kali, sonona kubwa, kifafa, kuacha pombe ghafla. Skizofrenia ni zaidi ya sauti: inagusa mpangilio wa mawazo, imani, hisia na uwezo wa kujitunza, na inadumu.

Kuhusu hatari, wengi wenye skizofrenia hawamdhuru mtu yeyote. Wao ndio hupigwa, huibiwa, hudhalilishwa na kufungiwa. Mitaani tunasema "dishi limeyumba" au "huyo wa Mirembe", kana kwamba hospitali ile ya Dodoma ni tusi. Jirani zetu wa Kenya hulitumia jina la hospitali yao ya Mathari vivyo hivyo.

Kuna jambo moja, hata hivyo, lisilotaka kungoja. Sauti zikimwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, akisindikizwa na mtu anayemwamini.

Dai la saba: "Dawa za hospitali zinamlaza tu. Huu ugonjwa hauponi"

Mwaka 1952, Jean Delay na Pierre Deniker katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, walionyesha kuwa klopromazini hutuliza sauti na mawazo yaliyovurugika. Baadaye ikajulikana kwamba dawa za jamii hiyo huzuia vipokezi vya dopamini, kemikali ambayo neva hutumia kupashana habari. Hazifungui mishipa wala hazisafishi damu. Haloperidoli, risperidoni na olanzapini ni ndugu zake, na kwa wale ambao dawa mbili zimeshindwa kuwasaidia ipo klozapini, inayohitaji kupimwa damu mara kwa mara kwa sababu huweza kushusha chembe nyeupe za damu.

Malalamiko kuhusu dawa yana ukweli. Huweza kukakamaza shingo, kutetemesha mikono, kunenepesha, kuleta usingizi mzito. Mjomba alizitupa mara mbili kwa sababu mikono ilitetemeka hata sindano ya nyavu ikamshinda. Hakuna aliyemwambia kuwa dozi hupunguzwa na dawa hubadilishwa. Mgonjwa anayelalamika hajakaidi. Anatoa taarifa, na daktari anaihitaji.

Dawa pia haziko peke yake. Huko London, Julian Leff alibuni tiba ambayo mgonjwa huongea na sura ya kompyuta iliyopewa uso na sauti ya yule anayemsumbua, mtaalamu akiiongoza pole pole hadi ilegee. Uchunguzi wa watu 150 uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa baada ya wiki 12 sauti zilipungua makali kuliko kwa waliopewa ushauri wa kawaida. Na mwaka 2015 Tanya Luhrmann na wenzake walilinganisha watu 20 wa California, 20 wa Accra na 20 wa Chennai, wote wakiwa na ugonjwa huu. Wale wa California walisimulia zaidi sauti za ukatili. Wa Accra wengi walisema sauti zao ni njema, mara nyingi sauti ya Mungu. Wa Chennai walisikia jamaa zao wakiwashauri na kuwakaripia. Ugonjwa ni mmoja, lakini inaonekana namna jamii inavyoishi na watu wake huingia hata ndani ya sauti.

Na kupona? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 20 wana skizofrenia, na kwamba angalau mmoja kati ya watatu anaweza kupona kabisa. Wengine huishi nayo kama wengi wanavyoishi na kisukari: kwa dawa, kwa ratiba, kwa watu.

Mama wa Segera, kijana wako hana mshipa ulioziba. Yaelekea ana ubongo unaofanya kazi kupita kiasi mahali fulani na kushindwa kutambua kazi yake mwenyewe. Usiongeze chupa ya tatu. Nauli ya kwenda hospitali ya mkoa, kwenye kliniki ya afya ya akili, itamfaa zaidi.

Na akirudi nyumbani, mfanyie alichofanya bibi yangu. Kila jioni aliketi barazani kando ya mjomba, akichambua mchele kwenye ungo, akamuuliza kwa sauti ileile aliyotumia kuuliza bei ya samaki: "Haya mwanangu, leo wamesemaje?" Mjomba alimweleza. Yapo yaliyomtisha, nayo bibi aliyasikiliza hadi mwisho bila kuyakubali wala kuyabeza. Kisha akamkumbusha kidonge. Wakati wa mazungumzo hayo mjomba hakuhitaji kuimba kwa puani, kwa kuwa alikuwa anaongea na mtu.

Swali hilo la bibi halikuwa na gharama yoyote, na katika miaka yote ile sikumsikia mtu mwingine akimuuliza mjomba.